Pumzi Mbili Katika Shimo la Ndizi

Hadithi njoo. Utamu ukitaka ubaki huko huko, maana hii ya leo haikolei hata uitie asali. Nimeisimulia barazani, nimeisimulia matangani, nimewasimulia hata walimu wenye vyeti vyao ukutani, na kila mara watu wamegombana, wakaondoka, wakaniacha na swali langu vile vile. Nimechoka nalo. Leo nawatwisha ninyi.

Palikuwa na watu watatu mjini Kigoma, kila mmoja na kipaji chake.

Wa kwanza aliitwa Bukuru, fundi cherehani. Kipaji chake kilikuwa kumbukumbu. Umpelekee kitenge leo, urudi mwakani, anakutajia vipimo vyako bila kufungua daftari, na anakuambia umenenepa wapi. Alivuka mpaka akiwa na miaka saba, vita vikimfukuza kutoka nchi ya jirani, akakulia kambini, akaja mjini kuolewa. Hakuwa mtu wa maneno mengi.

Wa pili aliitwa Sijaona, mzaliwa wa Newala, aliyefika Kigoma kufundisha sanaa shuleni kisha akaacha kazi. Jina lake ni mzaha wa wazazi, kwa sababu hakuna asichokiona. Kipaji chake kilikuwa mkono. Akikutazama unamenya muhogo, anakuchora mpaka ule uvivu wa kidole chako cha mwisho.

Wa tatu aliitwa Mrisho, mtu wa Ujiji, aliyezoea kurekodi kaswida na matangazo ya mikutano ya mtaa. Kipaji chake kilikuwa sikio. Akiwa amelala kitandani anakwambia mlango uliofunguka ni wa nyumba gani, na aliyeufungua ameamka na hasira au hapana.

Katika hao watatu, nitamfuata Sijaona, maana ndiye aliyeshika kalamu mwishoni.

Sijaona alitaka kutengeneza filamu ya katuni juu ya watoto waliopitiwa na vita. Alipowaambia watu, walimcheka. Katuni ni za sungura na fisi, walisema, katuni ni za kumtuliza mtoto wakati wa kumlisha uji. Mwalimu mkuu wake wa zamani alimuuliza kwa upole kama alikuwa anaumwa. Sijaona alikuwa na sababu, na aliirudia mpaka ikamkauka kinywani. Ukitaka kupiga filamu ya vita kwa watu wa kweli, alisema, lazima umsimamishe mtoto wa kweli mbele ya kamera umfanye alie. Yeye hakuwa tayari kumliza mtoto mzima ili watu wazima waelewe. Karatasi unaweza kuiliza, haikui na jeraha.

Basi akapanga chumba katika nyumba ambayo barazani kwake Bukuru alikuwa ameweka cherehani. Akanunua rimu za karatasi, akatengeneza meza ya kioo yenye taa chini yake, akaanza kutafuta hadithi ya kuchora. Ilimchukua miezi mitano kugundua kwamba hadithi yenyewe ilikuwa imekaa nje ya dirisha lake ikipiga pindo.

Bukuru alisimulia huku mguu uko kwenye kanyagio. Alisema siku ile asubuhi waliona moshi kilimani. Alisema, "Tuliingia kwenye shimo la kuvundikia ndizi. Mama alitufunika kwa majani ya migomba. Tulikaa kutwa. Tulisikia viatu." Kwao, ndizi za pombe huchimbiwa shimo kule kule migombani, zikapangwa humo na kufunikwa majani mpaka ziive. Sijaona, ambaye kwao ni korosho na mihogo, mara ya kwanza alichora kitu kama kisima. Bukuru alikitazama, akasema hapo mtu akiingia anazama, na shimo likachorwa upya.

Sijaona aliyasikia yale "tu" yote. Alimuuliza, ulikuwa na nani humo ndani? Bukuru alikata uzi kwa meno, akamwambia achore shimo. Sijaona akajisemea kwamba ni "tu" ya mazoea tu, maana wako watu wanaosema "tumechoka" nao wako peke yao. Akamchora mtoto mmoja, akampa jina la mwenyewe, Bukuru.

Lakini mkono wa Sijaona uliona kitu ambacho kichwa chake hakikukielewa. Kila simulizi ilipofika kwenye viatu, mkono wa kulia wa Bukuru uliachia kitambaa, ukainuka, kiganja kikajikunja, kikakaa hewani upande wake wa kushoto, kama mtu anayefunika kikombe cha chai kisiingie inzi. Kilikaa hapo mpaka simulizi ipite, kisha kikarudi kazini. Bukuru mwenyewe hakujua kama kinafanya hivyo. Sijaona alikichora kiganja kile jinsi alivyokiona. Michoro mia tatu na kumi na miwili ni ya kiganja kile peke yake, kikishuka, kikikaa, kikitetemeka, kisitoke. Na nusu ya shimo, ile iliyo chini ya kiganja, aliiacha tupu. Alijaribu kuchora ndizi pale, akafuta. Alijaribu kuchora majani, akafuta. Hakujua kwa nini mkono wake unakataa.

Miaka mitatu ilipita hivyo. Mgongo ulipinda, mchumba aliaga kwa ujumbe wa simu, na filamu ilikuwa ya dakika kumi na moja tu.

Aliionyesha mara ya kwanza bila sauti, katika ukumbi wa shule ya msingi. Ilipofika kwenye kiganja, mtu mmoja nyuma akasema mtoto anafukuza inzi. Ukumbi mzima ukacheka, walimu wakiwemo. Sijaona alizima mashine ya kuonyeshea akatoka nje, akakaa kwenye bomba la maji akilia kwa hasira. Alitaka kwenda kuzitia karatasi zile moto. Aliyemzuia ni mvivu mmoja aliyekuja kwa ajili ya soda, akasema, si bure watu wamecheka, dada, kazi yako haina sauti. Ndivyo alivyopelekwa kwa Mrisho.

Mrisho aliitazama filamu mara mbili. Halafu akauliza mtoto anaitwa nani. Sijaona akamwambia.

"Na Butoyi yuko wapi?" Mrisho akauliza.

"Butoyi ndiye nani?"

Mrisho alimtazama kama mtu aliyeambiwa kwamba mvua hunyesha kutoka chini. Akamweleza kwamba huku, na ng'ambo ya mpaka pia, mtoto hapewi jina la Bukuru ovyo. Bukuru ni pacha anayetangulia kuzaliwa, na anayefuata ni Butoyi. Ukimsikia Bukuru anaitwa, unageuza shingo umtafute mwenzake. Mji mzima unajua, hata muuza dagaa anajua. Ila mtu wa Newala aliyekaa dirisha moja na Bukuru miaka mitatu hakujua, na hakuna aliyemwambia, kwa sababu nani atakwenda kumweleza mtu mzima kitu kinachojulikana na muuza dagaa?

Wote wawili wakakitazama kile kiganja kwenye kioo cha kompyuta, na ile nafasi tupu chini yake.

Sasa hapa ndipo mimi huwa natamani kuwatia makofi. Bukuru alikuwa barazani, mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Walikuwa na vinywa. Wangekwenda wakamuuliza. Hawakwenda. Sijaona aliogopa jibu. Mrisho alisema neno lililofichwa miaka yote hiyo haliulizwi kwa kinywa, akaomba aachiwe wiki moja. Na katika wiki hiyo alikwenda kwa dada yake, akakuta mpwa wake mdogo amelala mchana, ana mafua, anapumua kwa mdomo. Akamshushia kipaza sauti alichokifunga kwenye mpini wa ufagio, akarekodi.

Aliporudisha filamu, shimoni mlionekana mtoto mmoja, na zilisikika pumzi mbili. Moja ilikuwa ya haraka, ya mtoto anayejizuia. Nyingine ilikuwa nzito, ya kukoroma koroma, ya mtoto aliyeziba pua. Viatu vinakuja. Kiganja kinashuka mahali patupu. Ile pumzi nzito inafifia, inafifia zaidi. Viatu vinapita vinakwenda. Kisha unasikia ndege migombani, na shimoni pumzi moja.

Wakamwita Bukuru aje aone. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, mkoba magotini. Alitazama mpaka mwisho, akainuka, akaenda zake bila kuaga. Siku tatu cherehani haikusikika barazani. Sijaona alipita mara nne mbele ya mlango wa nyumba ya Bukuru na mara zote nne alishindwa kupiga hodi.

Siku ya nne Bukuru alikuja mwenyewe chumbani kwa Sijaona, akamkuta na Mrisho. Hakumsalimu mtu. Alimwuliza Mrisho swali moja.

"Ulijuaje kwamba alikuwa na mafua?"

Mrisho akasema hakujua, ni mpwa wake. Bukuru akaketi.

"Mama aliniambia, Bukuru, mnyamazishe mdogo wako. Nikamnyamazisha." Akaendelea, "Jioni mama alirudi akafunua majani. Akanitoa mimi kwa mkono, yeye akamtoa kwa kanga. Tangu siku ile hakuna aliyelitaja jina lake, mimi wala mama. Mama amekufa hajalitaja."

Sijaona alilia, na Mrisho akashika kichwa. Walimwambia kwamba wanaifuta ile sauti leo leo, na filamu yenyewe akitaka isionekane tena. Bukuru alifikiri, halafu akasema waiache. Akasema miaka ishirini na saba alikuwa akiisikia peke yake, na wengine nao waisikie.

Walipeleka filamu kwenye tamasha moja la mji wa mbali. Sitawachosha na yaliyotokea huko. Niseme tu kwamba katika ukumbi ule hakuna aliyemtaja inzi, na taa zilipowashwa watu walikuwa bado wamejiziba midomo. Filamu ikashinda, ya pili ikiwa ya kuku anayeimba.

Mngedhani shida zimekwisha. Ndipo zilipoanza.

Katibu wa tamasha alipiga simu. Alikuwa mtu muungwana lakini wa kanuni, na mtu wa kanuni ukimpa mtoto wa ndugu watatu atakuuliza mama yake ni yupi. Zawadi ni mbili, alisema, na zote ni za mtu mmoja. Ya kwanza ni kinyago cha mpingo kitakachochongwa jina la mwenye filamu, na jina hilo ndilo litakalosomwa kila filamu itakapoonyeshwa, huku na nje. Ya pili ni nafasi ya mwaka mzima katika studio kubwa, yenye mashine zote na walimu, ili huyo mwenye filamu atengeneze ya pili yake. Fomu ina mstari mmoja. Jina moja. Mwisho ni kesho saa kumi jioni, na fomu isiyojazwa inapeleka zawadi zote kwa kuku.

Sijaona aliuliza kama majina matatu hayawezi kubanwa kwenye mstari ule kwa herufi ndogo. Katibu akasema mashine haikubali. Akauliza kama wangeandika jina la kikundi. Katibu akasema mashine haikubali. Sijaona alikata simu akaipigiza godoroni.

Kesho yake mchana wakakutana watatu mezani kwake, fomu iko katikati, kalamu juu yake. Kwa kuwa Sijaona ndiye mwenye mwandiko mzuri, kalamu ilikuwa upande wake, na hilo nalo lilikuwa limekwisha kuwaudhi wenzake.

Sijaona alisema wazi kwamba anautaka ule mwaka. Alisema ametoa miaka mitatu, mgongo na mchumba, amechekwa mpaka na watoto wa darasa la pili. Alisema kiganja kile angekiacha, kisingekuwapo. Bukuru mwenyewe hakujua anacho. "Dada Bukuru, hadithi ulikuwa nayo miaka ishirini na saba," alisema. "Nani aliiona?" Alijuta neno lilipomtoka, lakini lilikuwa limetoka, na lilikuwa kweli.

Mrisho alisema yeye ana miaka arobaini na minane na anarekodi kwa mpini wa ufagio. Wenzake bado wana nafasi nyingine mbele, yeye hii ndiyo yake. Aliwakumbusha kwamba michoro ilipokwenda bila yeye, ukumbi ulicheka. "Mlinipa mtoto mmoja," alisema, "nikawarudishia wawili." Sijaona akamjibu kwamba ingekuwa ni sauti peke yake, watu wangedhani ni redio iliyosahauliwa karibu na mtoto aliyelala. Mrisho akasema labda, na kiganja bila sauti ni inzi. Kila mmoja alikuwa amemshinda mwenzake na kushindwa papo hapo.

Ikabaki zamu ya Bukuru. Aliomba apigiwe katibu, akamwuliza swali lake mwenyewe kwa sauti ya chini: je, likiandikwa jina la mtu aliyekufa? Katibu alifunua kanuni zake. Akasema kinyago kitachongwa jina hilo, na litasomwa kila mahali, kanuni haikatazi. Ila marehemu hawezi kukaa studio. Nafasi ya mwaka itakwenda kwa kuku.

Bukuru akarudisha simu. Akasema anataka liandikwe Butoyi.

Mrisho alipiga meza. Alisema huo ni ubadhirifu, kwamba maiti hashukuru, kwamba mwaka ule ungezaa filamu nyingine ya watoto wengine ambao nao wamo mashimoni mpaka leo na hakuna aliyesikia wanavyopumua. Mwaka mzima utupwe, apewe kuku, kwa ajili ya herufi sita kwenye mti? Sijaona alikuwa na hasira kuliko yeye, ila hasira yake haikupata pa kukaa. Alitaka kumwambia Bukuru kwamba anadai cha watu watatu ili kulipa deni la mmoja. Alitaka pia kupiga magoti ampe chochote anachotaka.

Bukuru aliwasikiliza. Kisha akasema maneno marefu kuliko yote aliyopata kuyasema katika chumba kile.

"Wewe una mkono, utachora tena. Kaka Mrisho ana sikio, atasikia tena. Mimi nilikuwa na hadithi moja na nimewapa. Siutaki mwaka. Mama aliniambia nimnyamazishe, nikamnyamazisha mpaka jina lake. Nataka mtu alisome kwa sauti."

Mrisho aliinamisha uso, lakini hakusema kwamba amekubali, na mimi sitamsingizia.

Ilikuwa saa tisa na dakika hamsini. Sijaona alichukua kalamu. Aliiwaza studio ile yenye mashine zote, meza isiyomvunja mgongo, mwaka mzima bila mtu wa kumcheka. Akamwaza Mrisho na ufagio wake. Akaiwaza ile nusu ya shimo ambayo mkono wake ulikataa kuijaza, kabla hajajua hata ni nani aliyekuwamo.

Sasa, lipo jambo sijawaambia. Mjini Kigoma mkubwa humwita mdogo wake wa mtaani "mdogo wangu" kila dakika, hata akimtuma chumvi. Bukuru hakuwa akimwita mtu hivyo. Miaka yote ile alimwita Sijaona kwa jina, na Sijaona alidhani hampendi. Siku ile, kalamu imegusa karatasi, Bukuru aliweka kiganja chake juu ya meza karibu na mkono wa Sijaona, akasema taratibu:

"Andika, mdogo wangu."

Kalamu imeacha nukta kwenye ule mstari, na wino unaenea. Mimi nimefika hapo mara zote na hapo ndipo ninapokwama. Bila kumbukumbu ya Bukuru pasingekuwa na shimo. Bila mkono wa Sijaona pasingekuwa na kiganja. Bila sikio la Mrisho pasingekuwa na aliye chini ya kiganja. Na bila huyo aliye chini ya kiganja, ambaye hakuchora, hakusimulia, hakurekodi, ila alinyamaza tu kama alivyotakiwa, hao watatu wangekuwa na nini?

Basi wewe unayenisikiliza, na wewe uliyejifanya umesinzia ili usiulizwe: kalamu hiyo ichukue. Mstari ni mmoja. Je, wewe ungeandika jina la nani?

Sema upesi, zimebaki dakika kumi.